Daktari anasema mwaka haujatimia: nitapataje rufaa ya kliniki ya uzazi?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Nina miaka 36, mimi na mume wangu tunatafuta mtoto mwezi wa tisa sasa na hakuna kitu. Hedhi yangu inauma tangu niko msichana, miezi mingine hadi natapika. Nimeenda kwa daktari wetu mara mbili kuomba rufaa ya kliniki ya mabingwa wa uzazi, ananiambia nitulize akili, mwaka haujatimia. Mume wangu ana mtoto aliyempata kabla hajanioa kwa hiyo anasema yeye hahusiki na mambo ya vipimo. Naweza kwenda huko moja kwa moja bila barua? Na ikitokea siku ya miadi niko kwenye siku zangu, niahirishe?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hili kabla sijaingia mbali: huo mwaka anaokusubirisha sio wa kwako. Upo kweli, hajautunga, hata Shirika la Afya Duniani ukisoma maelezo yao ya ugumba wanataja miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, ila hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mwanamke akifika miaka 35 anasubiri miezi sita tu ndio anaanza kuchunguzwa, na akifika 40 hasubiri kabisa. Na ukiwa na dalili yoyote inayoonyesha kuna kitu, basi hakuna kuhesabu miezi, uwe na miaka 25 uwe na 39. Wewe unayo yote mawili, umri na dalili, na miezi sita uliipita zamani.

Simtetei daktari wako ila nikueleze anakotoka. Ukichukua wanandoa 100 ambao mwanamke hajafika 40 na wanakutana vizuri tu, zaidi ya 80 watashika mimba ndani ya mwaka wa kwanza, halafu kati ya waliobaki karibu nusu watashika mwaka unaofuata. Yaani ukimkimbiza kila mtu kliniki mwezi wa nne utakuwa unawachoma sindano na kuwapiga picha watu wenye afya zao wasio na shida yoyote, na foleni itajaa mpaka wenye shida wakose nafasi. Kwa hiyo kusubiri kunawasaidia wengi. Tatizo ni pale daktari wa kawaida, ambaye siku hiyo ameshaona kikohozi, presha, vidonda vya sukari na watoto wenye homa, anakumbuka ile namba 12 na kusahau kwamba ina masharti yake. Na kwa umri wako kinachoenda na muda ni mayai, ambayo hayatengenezwi upya, umezaliwa nayo yote na yanapungua kila mwezi uwe umelala au umeamka. Ndio maana mimi sipendi neno "tulia" kwa mtu wa 36. Tulia kwa muda gani?

Sasa nikupeleke upande ambao wagonjwa hawauoni. Kuna kipindi kazi yangu ya Jumatatu asubuhi ilikuwa kusoma barua za rufaa zilizoingia wiki nzima, na kuamua nani aitwe haraka, nani aingie foleni ya kawaida, na ipi irudishwe ilikotoka ikaongezewe maelezo. Rundo zima mezani na dakika chache kwa kila barua, na mgonjwa mwenyewe simjui sura wala sauti. Ninachojua ni kile kilichoandikwa tu. Nakumbuka moja ilikuja kwenye nusu karatasi: "Mgonjwa anatafuta mtoto. Naomba msaada wenu. Asante." Saini, na muhuri mkubwa kuliko maandishi yenyewe. Umri hakuna, muda waliotafuta hakuna, mume yupo hayupo sijui, kipimo hata kimoja hakuna. Ningefanyaje? Iliingia foleni ya kawaida, na mpaka leo sijui kama yule mama alikuwa na miaka 24 au 42.

Iliyofuata rundo hilo hilo ilikuwa na mistari kama saba hivi. Miaka 37, miezi minane wanatafuta, mzunguko siku 28 mpaka 30, kila mwezi siku mbili haendi kazini kwa maumivu, alishafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichopasuka akiwa na miaka 19, majibu ya mbegu za mume yameambatanishwa. Hapo kwenye kidole tumbo nikasimama, maana kikipasuka usaha unamwagika tumboni na mirija ya uzazi iko jirani hapo hapo, inaweza kunata au kuziba kabisa. Daktari aliyeandika wala hakusema "haraka". Hakuhitaji. Niliisoma mara mbili nikaiweka juu.

Ndio maana nakuambia kazi yako sio kupata barua tu. Barua mbovu utaipata hata kesho ukilia kidogo, na itakuweka foleni kama vile hujaipata. Unataka barua yenye vitu ndani, na hivyo vitu daktari wako hana, unavyo wewe. Tafuta daftari au karatasi moja, sio nne, moja, uandike nyumbani kwa utulivu kabla hujarudi kwake.

Andika tarehe za hedhi zako sita za mwisho. Sio "huwa inakuja katikati ya mwezi", tarehe. Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu inapotoka kweli kweli, yale matone ya kahawia ya kuanzia usiyahesabu, mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Wengi wanahesabu kuanzia damu inapokata wanaishia kuniambia mzunguko wao ni siku 23, kumbe ni 28. Andika mwezi mlioacha kinga na ilikuwa kinga gani, maana aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi ya miezi mitatu yai linaweza kuchelewa kurudi kupevuka hata karibu mwaka baada ya sindano ya mwisho, na hilo linabadilisha hesabu yote. Mnakutana mara ngapi kwa wiki, na kama mmoja anasafiri wiki tatu kila mwezi sema, sio aibu, ni hesabu. Mimba yoyote uliyowahi kushika hata kama ilitoka, hata kama hukumwambia mtu. Upasuaji wowote wa tumbo. Maambukizi yoyote ya chini uliyowahi kutibiwa, hasa klamidia na kisonono, kwa sababu klamidia inaweza kupita kimya kimya huku inachoma mirija. Dawa unazotumia sasa hivi. Uzito na urefu. Basi, imetosha.

Maumivu nayaweka peke yake kwa sababu kwako nadhani ndio mlango. Ukimwambia daktari "inauma sana" ataandika "maumivu ya hedhi", na hayo maneno yako kwenye mafaili ya wanawake wengi mno, yanapita macho ya msomaji kama tangazo la ukutani. Mwambie maumivu yanakunyang'anya nini. Mfano: naanza kuumwa siku mbili kabla ya damu, siku ya kwanza natapika, nimekosa kazi siku tano katika miezi mitatu, vidonge vinatuliza saa mbili tu kisha yanarudi. Halafu kuna maswali mawili ambayo daktari mwingi anaona haya kuuliza na mgonjwa anaona haya kusema: tendo linauma kwa ndani kabisa? Na ukiwa kwenye hedhi, kwenda haja kubwa kunauma? Kama jibu ni ndiyo, hata kwa moja, sema, ikibidi umpe karatasi asome mwenyewe. Hiyo ni picha ya endometriosisi, yaani tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, kwenye ovari au nyuma ya kizazi au karibu na utumbo. Inakadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa, na kawaida inachukua miaka mingi kugunduliwa kwa sababu kila mtu anamwambia binti kwamba hedhi huuma, ukiolewa itaisha, ukizaa itaisha. Sisemi unayo. Nasema maumivu ya kutapika tangu usichana ni sababu tosha ya rufaa peke yake, hata kama usingekuwa unatafuta mtoto.

Na usikubali jibu la "ultrasaundi yako iko safi kwa hiyo huna kitu". Ultrasaundi inaona uvimbe kwenye ovari, inaona uvimbe wa kizazi, ikishikwa na mtu mzoefu inaona na zaidi ya hapo, ila vidonda vidogo vya juu juu mara nyingi inavipita. Picha safi haifuti maumivu.

Sasa unarudije kwa huyu daktari bila kugombana naye. Anza na ombi lenyewe, usilihifadhi mpaka mwisho, maana mwisho yeye ameshashika kitasa cha mlango. Kitu kama: "Dokta leo nina jambo moja tu, naomba rufaa ya kliniki ya uzazi. Nina miaka 36, ni mwezi wa tisa, na nina maumivu haya nimeyaandika hapa." Unamkabidhi ile karatasi kisha unanyamaza. Kunyamaza ni kazi, najua, lakini mwache asome. Akirudi kwenye ule mwaka wake mwambie kwa upole kwamba unaelewa ni miezi 12 kwa walio chini ya 35, je kwa 36 yeye anafuata mwongozo gani? Muulize kama mtu anayetaka kujua kweli. Wa Marekani wanahesabu miezi sita kuanzia 35, Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayowaandikia madaktari miongozo ya matibabu, umetaja 36 kuwa umri wa kupewa rufaa mapema, kwa hiyo popote atakapofungua utakuwa ndani.

Akikataa bado, usinyanyue sauti, omba kitu kimoja: "Basi dokta naomba iandikwe kwenye faili kwamba nimeomba rufaa leo, sababu ya kusubiri, na tarehe ya kurudi." Sio kumtisha. Ila mtu akianza kuandika sababu kwa mkono wake mwenyewe ndio anagundua kama anayo. Nimeona kalamu zikigeukia fomu ya rufaa katikati ya sentensi. Na kama kalamu haikugeuka, muone daktari mwingine hapo hapo kituoni na karatasi ile ile, au yule wa kliniki ya wanawake, huna haja ya kumsimulia ubaya wa mwenzake, anza upya tu.

Kuna daktari mwingine atakuambia sawa nitakupa, ila kwanza fanya vipimo. Huyo usimkasirikie, anakusaidia, kwa sababu kliniki nyingi zikipokea barua bila vipimo kitu cha kwanza zinakutuma kuvifanya na umepoteza miadi ya kwanza bure. Homoni za FSH, LH na estradioli, zile zinazoendesha mzunguko, zinapimwa siku ya 2 mpaka ya 5 ya hedhi, ukienda siku ya 14 majibu yatatoka lakini hayasomeki. Tezi ya shingoni na prolaktini, yaani homoni ya maziwa, zinapimwa siku yoyote. AMH nayo siku yoyote, lakini hii naomba uisikilize vizuri maana inaliza watu: AMH inakadiria akiba ya mayai iliyobaki na jinsi ovari zitakavyoitikia dawa kama mkifika kwenye kupandikiza mimba, haikuambii kama utashika mimba kwa njia ya kawaida au la. Mwanamke mwenye AMH ndogo na yai linapevuka kila mwezi anaweza kushika mwezi ujao. Usikubali mtu akusomee namba hiyo kama hukumu.

Halafu projesteroni. Hiki ndicho kipimo kinachokosewa kila siku ya Mungu. Kinapimwa kuona kama yai lilipevuka, na kinatakiwa siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mtu akiwa na mzunguko wa siku 28, saba kabla ni siku ya 21, ndio kila fomu ikaandikwa "siku ya 21" kama vile wanawake wote tumetoka kiwanda kimoja. Ukiwa na mzunguko wa siku 33, siku yako ni ya 26. Ukienda ya 21 yai ndio kwanza limetoka juzi, projesteroni iko chini, unaandikiwa kwamba mayai hayapevuki na unapewa dawa za kupevusha ambazo hukuzihitaji. Nimepokea wa namna hiyo wengi mpaka nikawa kabla sijaangalia jibu naangalia kwanza tarehe ya damu kuchukuliwa na tarehe ya hedhi iliyofuata. Kwa hiyo kwenye fomu ya maabara pale pembeni andika mwenyewe siku ya ngapi ya mzunguko.

Vingine ni vya kawaida: UKIMWI, kaswende, homa ya ini B, klamidia, kinga ya rubela, na kipimo cha shingo ya kizazi kama muda wako umefika. Ile picha ya mirija, HSG, ambayo dawa inapitishwa kizazini wanapiga eksirei, inafanywa damu ikishakata na kabla yai halijapevuka. Hiyo kwako ningewaachia mabingwa waamue, kwa sababu wakiona maumivu yako yanahitaji kuangaliwa kwa kamera ya kitovuni watapima na mirija humo humo, na huna sababu ya kuteseka mara mbili.

Haya, tuje kwa shemeji.

Mtoto wa zamani sio cheti. Naelewa anakotoka, mwanaume ana ushahidi unaotembea kwa miguu miwili, sasa anaambiwa akakojolee kikopo gani tena? Lakini mbegu za kiume hazikai ghalani. Zinatengenezwa upya kila wakati, na kuanzia inapoanza kutengenezwa mpaka inapokomaa ni kama miezi miwili na nusu hivi, siku 74. Mbegu zilizomleta yule mtoto hazipo tena, hata za mwaka jana hazipo. Na tangu wakati huo yanaweza kuwa yamepita mengi: mishipa imevimba kwenye korodani, alifanyiwa upasuaji wa ngiri, aliugua matubwitubwi ukubwani yakashukia huko chini, ameongezeka uzito, ameanza sigara, au hili linalonitoa roho siku hizi, anachoma sindano za testosteroni za kujenga mwili. Watu wanadhani testosteroni inaongeza uanaume kwa hiyo itaongeza na mbegu. Ni kinyume kabisa. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaziambia korodani zipumzike, na zinapumzika kweli, mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri wakati kifua kimejaa kama mlango. Mara nyingi akiacha zinarudi, ila inaweza kuchukua miezi kadhaa na wengine zaidi ya mwaka. Kama anatumia, aseme sasa, na asiache kiholela, aongee na daktari.

Ukihesabu wanandoa wote wanaohangaika, karibu nusu yao upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote. Wewe utatolewa damu mara tatu na kupigwa picha na pengine kufunguliwa tumbo, yeye anaingia chumbani dakika kumi. Mwambie hivyo hivyo, kwa utani kama utani ndio lugha yenu. Kitu kingine ambacho nimeona kinafanya kazi kuliko mahubiri ni kumwambia ukweli wa ofisi, kwamba kliniki inafungua faili la watu wawili na bila majibu ya mbegu wengi hawaanzi matibabu yoyote. Anakuwa hatuhumiwi, anakamilisha fomu.

Akikubali, kuna namna. Akae siku mbili mpaka saba bila kutoa shahawa, asizidishe akidhani anakusanya, zikikaa sana zinachoka. Sampuli itoke yote, hasa yale ya mwanzo, likimwagika tone la kwanza amwambie wa maabara maana hapo ndipo mbegu nyingi zipo. Bila sabuni, bila mate, bila kondomu ya kawaida. Akitolea nyumbani ifike ndani ya saa moja, kikopo akiweke karibu na mwili, mfuko wa ndani wa shati au koti, asikiweke kwenye dashibodi ya gari inayochemka wala kwenye barafu. Kama aliugua homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita aseme pia.

Majibu yakija usiyasome peke yenu usiku. Kuna mstari wa maumbile ya mbegu utasema asilimia 5 tu ndio zenye umbo zuri, na mwanaume mzima anakaa chini. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 kiwango cha chini ni asilimia 4, kwa hiyo 5 ni sawa. Jumla ya mbegu wanaangalia kuanzia milioni 39, na zinazotembea asilimia 42. Hata chini ya hapo sio kwamba hazai, viwango hivyo vimetokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, na mmoja katika kila ishirini kati yao alikuwa chini ya mstari na bado akawa baba. Yakiwa mabaya yanarudiwa baada ya miezi mitatu hivi, ukikumbuka zile siku 74 utaelewa kwa nini sio wiki ijayo. Zikionekana chache sana au hakuna kabisa, hapo hamsubiri miezi mitatu, mnarudia haraka na barua inaondoka.

Kwenda bila barua: inategemea unaingilia mlango gani. Kliniki nyingi za binafsi zinakupokea ukiwa na miguu yako na pesa yako, barua hawaidai. Za serikali mara nyingi bila rufaa hupiti mapokezi, na bima nyingi hata ukienda kliniki ya binafsi hazilipi kama hukupitia kwa daktari wa ngazi ya chini. Kwa hiyo kabla hujapanda gari piga simu mbili. Kliniki uwaulize kama wanapokea bila rufaa, majibu ya vipimo wanayakubali yakiwa na umri gani (wengine wanataka ya miezi sita iliyopita, wengine mwaka), na kama mume lazima awepo siku ya kwanza. Bima uwaulize wanalipia uchunguzi, au matibabu, au vyote. Wengi wanalipia kuchunguza sababu na kutibu ugonjwa kama endometriosisi au uvimbe wa kizazi, lakini kupandikiza mimba hawalipii. Ndio maana kwenye barua yako naomba mambo yote mawili yaandikwe, maumivu sugu ya nyonga NA kuchelewa kushika mimba, sio moja. Huo sio ujanja, ni kweli tupu, una vyote viwili. Ujanja ni kuandikiwa ugonjwa usiokuwa nao, na hapo siku bima wakikagua faili utalipa wewe.

Ukishaipata barua isome kabla hujatoka getini. Umri upo? Miezi mliyotafuta ipo? Maumivu yapo? Namba ya simu ni yako ya sasa au ile laini uliyoitupa? Usicheke, nimeshawahi kuita wagonjwa kwa namba ya jirani aliyehama. Piga picha na simu yako ubaki na nakala. Baada ya wiki mbili uliza kama imefika na imepangwa foleni gani, na waombe wakuweke kwenye orodha ya wanaoitwa mtu mwingine akighairi, ukiwa wa kuweza kuja kwa taarifa ya siku moja utashangaa.

Wakati unangoja endeleeni kukutana kila baada ya siku mbili tatu, usigeuze kuwa ratiba ya benki. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kuanzia leo, na kama una kisukari au unatumia dawa za kifafa muulize daktari kwanza kwa sababu dozi yako ni kubwa zaidi. Zile dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, ukizimeza siku zile za hedhi sina neno (kama tumbo lako halina vidonda), ila usizimeze mfululizo mwezi mzima, zikitumika siku za yai kupevuka zinaweza kulizuia lisitoke.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakingoji barua wala miadi. Ukichelewa kuona siku zako halafu ukapata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, au kizunguzungu, au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega, nenda dharura saa hiyo hiyo hata kama damu inayotoka ni kidogo na hata kama hujapima mimba. Inaweza kuwa mimba imetunga kwenye mrija, na mrija ukipasuka damu inamwagikia ndani.

Na hilo swali lako la mwisho, siku ya miadi ukiwa kwenye siku zako: usiahirishe. Nafasi ukiiachia hujui ijayo ni lini. Maongezi yatafanyika, tumbo litashikwa, na kama ni siku ya pili mpaka ya tano wanakupima zile homoni hapo hapo bila kukurudisha mwezi ujao. Kipimo cha shingo ya kizazi tu ndio watakisogeza mbele. Ultrasaundi ya kupitia ukeni inafanyika hata ukiwa unatoka damu, waambie tu kabla, wameshaona elfu, na ubebe pedi ya ziada.